Bunda la Tano

"Vua kiatu."

"Dada, nina miaka arobaini na mbili."

"Hata ungekuwa na tisini. Vua kiatu, weka mguu hapa."

Dereva alimtazama dada yake, akatazama kipande cha boksi kilicholazwa juu ya meza ya kazi ya marehemu baba yao, kisha akautazama mlango uliorudishwa. Walikuwa wakizozana tangu saa tatu asubuhi, na sasa jua lilikuwa utosini. Alikwisha kuapa kwa mkewe, kwa wanawe wawili, na kwa leseni yake ya lori, ambayo aliiheshimu kuliko wote hao. Haikusaidia. Akavua.

"Na soksi."

"Soksi ina tundu."

"Afadhali. Kidole kitoke chenyewe kitoe ushahidi."

Akavua na soksi, akapandisha mguu mezani, katikati ya mikebe ya misumari na gundi iliyokauka. Dada mtu akauinamia kama anayesoma mita ya maji. Kwenye boksi palichorwa mguu wa mtoto kwa penseli, na kidole cha pili kilikuwa kimekipita kile kikubwa. Mguu wa Dereva nao ulikuwa vivyo hivyo.

"Unaona?"

"Naona kidole. Nusu ya dunia wana kidole hiki. Hata utingo wangu anacho. Naye ni mwanangu?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nauliza, maana leo unagawa watoto bure."

Jina lake la nyumbani huyu dada lilikuwa Mkaguzi. Baba yao ndiye aliyempa, siku alipofungua mkoba wa mjomba mgeni ili kuhakikisha kama kweli humo mlikuwa na nguo tu. Alikuwa na miaka saba. Baadaye alisomea diploma ya utunzaji wa vifaa, akawa mkuu wa stoo ya hospitali, mahali ambapo bandeji haitoki rafuni bila sahihi mbili. Watu husema mtu hubadilika ukubwani. Yeye alipewa ofisi tu.

Na kwa wiki mbili sasa, tangu wamzike mzee, kila alichokishika kilimnukia kitu kilichofichwa.

Mzee alikuwa fundi viatu. Wateja, majirani, hata wanawe walimwita Fundi, na chumba hiki chenye mlango mmoja na dirisha moja alikifanyia kazi miaka thelathini na minane. Kesho Jumapili ilikuwa siku ya kumrudishia mwenye nyumba ufunguo. Leo saa saba angekuja mnunuzi wa vyuma chakavu kubeba cherehani ya ngozi, nyundo, koleo, na magunia manne ya zile kalibu za mbao zenye umbo la mguu ambazo fundi huvalisha ngozi ili ipate sura ya kiatu. Kalibu alisema atazipeleka kwa mama mmoja mchoma mahindi. Mbao ngumu huwaka polepole.

Wangekuwa wamemaliza siku nyingi kama si lile sanduku.

Mkaguzi alilikuta juzi chini ya meza. Ndani mlikuwa na vipande vya boksi vyenye michoro ya miguu, vimefungwa mabunda kwa kamba kuukuu za viatu. Hilo halikumshangaza. Kila mwaka shule zikifungwa, Fundi aliwachora wajukuu zake mguu wa kushoto, akaandika mwaka kisiginoni, akawashonea viatu vya muhula mpya. Jina hakuandika. Alisema mguu ni sura tosha. Wajukuu walikuwa wanne: wawili wa Mkaguzi, wawili wa Dereva.

Mabunda yalikuwa matano.

Na lile la tano lilikuwa nene kuliko yote. Lilianza miaka ishirini iliyopita, wakati Mkaguzi mwenyewe hajaolewa. Isitoshe, wale wanne kila mmoja alichorwa mguu mmoja kwa mwaka. Huyu wa tano alichorwa yote miwili.

"Wetu mguu mmoja, huyu miwili," alisema Mkaguzi, na hata yeye alisikia wivu katika sauti yake. "Mtu hamchori mtoto wa jirani miguu miwili kwa miaka ishirini."

"Labda alikuwa na penseli nyingi."

"Ukikokotoa, mtoto huyu alizaliwa wewe ukiwa na miaka kumi na minane. Ulikuwa utingo. Kila wiki mji mwingine."

"Kumi na minane nilikuwa sijui hata kufua soksi."

"Hilo hujalijua mpaka leo, na watoto unao."

Dereva alicheka kwa pua, kama alivyokuwa akicheka baba yao, kisha uso ukamwiva. "Sikiliza. Wewe unanishuku mimi kwa sababu mimi nipo hapa na mguu wangu upo mezani. Mbona humshuku mzee mwenyewe? Angalia mwaka wa kwanza hapo. Ndio mwaka aliofariki mama."

Mkaguzi akaligeuza boksi uso chini. Mwaka ule alikuwa ameuona tangu juzi, na tangu juzi alikuwa hajalala vizuri. Ilikuwa rahisi zaidi kumvua soksi mdogo wake kuliko kumvua baba yake heshima kaburini.

Tena bunda lisingekuwa na uzito huo kama lisingekuwa na mwenyewe. Na mwenyewe walishamwona. Siku ya mazishi msemaji wa familia aliwaomba wajukuu waseme neno moja moja kuhusu babu yao. Binti mkubwa wa Mkaguzi, mwenye miaka kumi na minne, mwenye alama nzuri darasani, alishika kipaza sauti, akafikiri, akasema: "Benchi la babu lilikuwa la moto." Watu wakacheka kwa huruma. Wengine watatu walisema alikuwa mpole, kwa sauti ya kukariri. Ndipo akasimama msichana mmoja asiyejulikana, wa miaka ishirini na minne hivi, akasema, "Babu yangu." Hakusema Fundi, wala mzee wetu. Alisimulia jinsi babu yake alivyoweza kubana misumari tisa mdomoni, akaongea, akagombana, akacheka, na usidondoke hata mmoja. Waombolezaji walilia. Mkaguzi hakulia, maana alikuwa anaangalia viatu vya msichana. Vya kahawia, vya kamba, soli nene, na ule mshono wa kurudia mara mbili ukingoni ambao mjini hapa aliushona mtu mmoja tu.

Kisha likaja la pili. Walipofungua karakana mara ya kwanza baada ya mazishi, sakafu ilikuwa imefagiliwa na cherehani imefunikwa kitambaa safi. Kufuli halikuvunjwa.

"Mwizi gani anafagia?" Dereva aliuliza siku ile.

"Yule ambaye bado hajapata anachokitafuta," Mkaguzi alijibu, akaenda dukani kununua kufuli jipya lenye funguo tatu. Mmoja wake, mmoja wa mdogo wake, wa tatu alikusudia kuutupa.

Sasa, Dereva akiwa bado na mguu mezani, kitu kilikwaruza mlangoni. Wakageuka wote wawili. Kufuli jipya walikuwa wamelibana kwenye pete ya komeo upande wa nje lisiibiwe, na mtu alikuwa akijaribu kulitia ufunguo usiokuwa wake. Akajaribu tena, taratibu, kama mtu anayeamini kosa ni la mkono wake.

Mkaguzi akauvuta mlango kwa ghafla.

Alikuwa yule msichana. Alikuwa na mfuko wa madaftari begani, na ufunguo wa zamani wa Fundi mkononi, ule wenye kipande cha ngozi nyekundu.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

Mkaguzi akageuza shingo, akamtazama mdogo wake polepole sana. Shangazi ni dada wa baba. Hilo halihitaji diploma.

"Wallahi simjui," alisema Dereva.

"Marahaba," Mkaguzi akamjibu msichana. "Ingia. Ufunguo weka mezani. Nani amekwambia mimi ni shangazi yako?"

"Babu."

"Na huyu ni nani yako?"

Msichana alimtazama Dereva, akautazama mguu mtupu juu ya meza. "Huyo sijui nimwiteje. Babu alisema hayupo, yupo barabarani siku zote, nikimwona nitaamua mwenyewe. Shikamoo."

"Marahaba," alisema Dereva, akauteremsha mguu.

"Unafanya kazi gani?" Mkaguzi aliuliza.

"Mwalimu wa darasa la pili. Hapa mtaa wa nyuma."

"Umekuja kutafuta nini humu?"

Mwalimu akababaika kidogo, na Mkaguzi akaliona hilo babaiko, akaliweka akiba. "Nimekuja kuchukua kitu changu."

"Kitu gani?"

"Kilikuwa ukutani, pale." Akaonyesha ukuta. Pale hapakuwa na kitu isipokuwa misumari mitupu na madoa meupe ya mahali vitu vilipokaa miaka mingi. Msichana aliutazama ule ukuta, akagusa msumari mmoja. "Viko wapi?"

"Hapa naulizaga mimi," alisema Mkaguzi. "Kaa."

Hakukuwa na pa kukaa ila kigoda cha Fundi. Msichana akakaa hapo bila kufikiri, akanyoosha mguu wa kulia kidogo mbele, kama mtu aliyekizoea. Hilo nalo Mkaguzi aliliweka akiba.

Aliamua kumpima. Stoo ilimfundisha kwamba mwongo hukosea vitu vidogo. Makubwa huwa ameyafanyia mazoezi.

"Baba yangu alikuwa akikata uzi kwa nini?"

"Kwa jino. Mkasi aliuweka kwa ajili ya wageni."

"Jino la upande gani?"

"Kushoto. La kulia lilivunjika kwa msumari."

Dereva akaitikia kwa kichwa. Mkaguzi akamkata jicho.

"Alipomaliza kiatu alifanya nini?"

Hapa mwalimu alitabasamu, kwa mara ya kwanza. Akachukua kiatu cha Dereva kilichokuwa sakafuni, akakigonga kisigino mezani mara mbili, akakisukuma kwa kiganja. "'Nenda, usirudi mapema.'"

Mkaguzi alihisi kama aliyeguswa mgongoni na mtu asiyemwona. Alikuwa na miaka saba, viatu vyake vya kwanza vya shule, vyeusi, vya kifungo. Baba yake alivigonga mara mbili akavisukuma: nenda, usirudi mapema. Yaani viatu visirudi kutengenezwa upesi. Miaka yote aliamini maneno yale aliambiwa yeye peke yake, na baadaye akayasahau. Leo yanatoka kinywani mwa mgeni, na sauti yenyewe ni ya mzee kabisa.

Shaka yake haikupungua. Iliongezeka. Kitu kama hiki mtu humpa damu yake.

Akalichukua bunda la tano, akalitupa magotini pa msichana. "Basi sema. Usinizungushe, mimi si mtoto. Wajukuu zake aliwachora mguu mmoja. Kwa nini wewe alikuchora miwili?"

Mwalimu aliyashika maboksi yale kama anayepokea barua. Alifungua kamba, akapitisha kidole kwenye mwaka wa kwanza. Kisha akainua macho, na mshangao wake ulikuwa wa kweli kiasi kwamba Mkaguzi akaanza kujisikia vibaya kabla hajajua sababu.

"Shangazi, wewe si mtoto wa fundi viatu?"

"Ndiyo."

"Fundi humchora mtu miguu yote miwili kwa sababu gani?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu utotoni, kabla ya diploma, kabla ya stoo. Aliyatoa maboksi mawili ya mwaka mmoja, akageuza moja, akayaweka pamoja, akayainua dirishani. Mguu wa kushoto ulizidi wa kulia kwa upana wa vidole viwili.

Msichana alikuwa ameshafungua kamba za kiatu cha kulia. Akakivua, akampa. Kilikuwa kizito. Ndani, pale ambapo kwa nje huoni ila soli nene kiasi, palipandishwa tabaka kwa tabaka za ngozi iliyobanwa, kutoka kisiginoni zikishuka kuelekea vidoleni, laini kama mgongo wa kijiko. Mguu wenyewe ulikuwa mwembamba na mfupi, na ulining'inia bila kufika sakafuni. Mkaguzi alikuwa amemwona akitembea na viatu hivyo mara mbili, mazishini na hapa, na hakuona kasoro yoyote.

"Nililetwa nikiwa na miaka minne," alisema mwalimu. "Mama alikuwa akifagia ofisi ng'ambo ya barabara. Alinipitisha hapa nimebebwa. Babu akauliza, huyu hatembei? Mama akasema anatembea, ila watu wanamcheka. Babu akasema, basi tuwanyime hiyo kazi ya kucheka."

Dereva alikuwa ameketi kwenye gunia. "Huyo ni mzee kabisa," alisema kwa sauti ya chini.

Mkaguzi hakuwa tayari. "Kwa hiyo ulikuwa mteja."

"Nilimwuliza hilo mimi mwenyewe, nilipopata akili. Akasema wateja wanasubiri kwenye benchi, wajukuu wanakaa ndani."

Benchi. Lilikuwa pale nje ya mlango, la mbao, limepigiliwa bati juu, na jua la mchana kutwa lilikuwa lake. Watoto wa Mkaguzi walikaa hapo kila mwaka. Fundi aliwaita ndani, na yeye, mama yao, akasema hapana, wana nguo safi, humo kuna gundi na misumari, wapimwe hapo hapo. Mzee alitoka na boksi na penseli, akapiga magoti barazani, akachora mguu mmoja upesi, maana gari lilikuwa linasubiri. Robo saa kwa mwaka. Binti yake alisema kweli mbele ya kaburi: alichoachiwa na babu yake ni joto la bati.

Alivuta pumzi. "Na shangazi? Kwa nini shangazi?"

"Alisema nikikuita mama utadai cheti cha kuzaliwa."

Dereva alicheka mpaka akashika ukuta. Mkaguzi alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia.

"Ufunguo?"

"Mwaka huu mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikitoka shule nilikuja kumtungia uzi kwenye sindano na kufagia. Baada ya mazishi nilifagia tena. Sikujua la kufanya jioni." Akakivaa kiatu, akasimama. "Shangazi, sikuja kurithi. Nataka kalibu zangu tu. Ni mbili, moja fupi. Kila fundi niliyemwuliza ameniambia bila zile hawezi kunishonea, aanze upya na hana uhakika. Hii soli imebakiza miezi mitatu, minne. Darasani nasimama saa sita."

Honi ikalia nje. Pikapu ya mnunuzi ilikuwa imefika kabla ya wakati, na vijana wake wawili walikuwa wamesharuka chini. Mnunuzi akachungulia mlangoni, mtu mnene mwenye haraka.

"Mama, habari za kazi? Tunaanza na magunia."

Mwalimu aliyatazama magunia yale manne, akayajua. Alimtazama tu Mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa na mashaka bado. Hakuamini mambo yote ya dunia kwa sababu ya kiatu kimoja. Lakini alijua jambo moja la stoo: kitu kikishatoka mlangoni, huwezi kukihesabu tena. Akashika gunia la kwanza kwa chini, akalipindua. Kalibu zikamwagika sakafuni kwa kishindo, miguu ya mji mzima, ya watu wazima na ya watoto.

"Mama, vipi tena?" aliuliza mnunuzi.

"Hizi haziendi."

"Jana tulikubaliana."

"Jana sikuwa na habari kamili. Chukua rafu ile ya chuma na yale makopo. Cherehani inabaki, nyundo zinabaki. Petroli yako nitakurudishia. Dereva, mimina hayo mengine."

"Na mwenye nyumba?" aliuliza Dereva.

"Mzee alishalipa mpaka mwezi ujao. Haraka ilikuwa yangu."

Kwenye gunia la tatu zikatokea, zimefungwa pamoja kwa kamba nyekundu, ndefu na fupi, zikiwa zimepigiliwa vipande vya ngozi kila mwaka mguu ulipokua. Mwalimu akanyoosha mkono, akaurudisha, akasubiri apewe. Mkaguzi akampa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo zake mbili mpya, akauchomoa ule aliokusudia kuutupa, akauweka juu ya zile kalibu.

"Huu wa kwako. Ule wa zamani haufungui kitu."

"Shangazi..."

"Usinishukuru, nitaghairi. Utakuja kila Jumamosi, kuanzia leo. Kila kitu ulichosema mazishini, na ambacho hukusema, kuna watu nataka wakisikie."

"Na mimi?" aliuliza Dereva. "Nivae kiatu?"

"Vaa. Kidole hicho bado nakiangalia."

Akapiga simu nyumbani. Binti yake akapokea, akiwa na mdomo uliojaa chakula.

"Mchukue mdogo wako, mje karakana kwa babu. Sasa hivi. Na muwapitie watoto wa mjomba wenu."

"Mama, babu si hayupo? Tunakuja kufanya nini?"

"Kukaa ndani."

Akakata simu, akatoka barazani, akainama, akalishika benchi kwa mikono miwili. Lilikuwa la moto kweli. Akalibeba hivyo hivyo mpaka ndani.